Mashine za CNC za zamani hazijui flashi, nifanye aje?

Fundi wa Kibos:
Niaje wakuu. Hapa Kisumu niko na CNC mbili za mtumba (mashine za kukata chuma zinazoongozwa na kompyuta), milingi yenye kontrola ya Fanuc 0-M, yaani kompyuta yake ya kuiongoza, na nyingine ya kukereza yenye mdomo wa flopi, zile diski za zamani. Kazi kubwa ni spea za viwanda vya sukari, impela na shafti, na sai wateja wameanza kuleta moldi za plastiki. Flopi zimechoka, unaandika leo kesho hazisomeki. Milingi nayo memori ni kidogo mno, programu ya moldi haiingii hata robo, na tena kijana anakaa hapo anabonyeza herufi moja moja na nukta ikiruka endimili (kisu cha kukatia) inaenda, na endimili ya kabaidi si bei ya mboga. Kuna muuzaji ananiambia ninunue boksi ya flashi, ile inayoshika nafasi ya flopi, itatumika kwa zote mbili. Nikichomeka laptopu kwa ile poti ya pini 25 ya milingi napata alamu 086. Ninunue boksi ama nibadilishe kontrola yote?

Chuma Nakuru:
Kontrola usiguse mkubwa, pesa hiyo nunua chuma. Boksi inakaa pale flopi ilikuwa, sasa milingi haina flopi utaiweka wapi? Ni ya mashine ya kukereza peke yake. Inagawanya flashi iwe diski ndogondogo unazichagua kwa vibonyezo vya mbele, ila kwanza angalia kama mashine inataka 720 KB ama 1.44 MB, ukikosea hapo haitasoma kitu.

Opereta Webuye:
086 ni mashine kusema haioni ishara kwamba mwenzake yuko tayari. Tengeneza kebo yako: pini 2 na 3 zipishane, 7 kwa 7, halafu upande wa mashine unganisha 4 na 5, na 6, 8 na 20 uzifunge pamoja. Mipangilio ya kutuma data kwa laptopu na mashine ifanane kabisa, kawaida ni kasi ya 4800, biti 7, pariti iveni, stopu biti 2, na uwashe XON/XOFF, ishara za kusimamisha na kuendelea kutuma. Isipofanana utapata alamu 085. Faili ianze na % halafu namba ya programu yenye herufi O mbele. Kuhusu memori, hizi mashine zinahesabu kwa mita za utepe wa karatasi uliobeba programu zamani, mita 80 ni kama 32 KB tu, kwa hivyo moldi usiilazimishe kuingia, ilishe kidogo kidogo kutoka laptopu huku mashine ikikata, kama iko na modi ya kusoma kutoka nje.

Chuma Nakuru:
Na tafadhali kaka, kabla ya yote toa parameta zote (mipangilio ya mashine) uziweke kwa laptopu na nakala nyingine kando. Betri za memori zikiisha, stima ikipotea tu mashine inasahau kila kitu. Betri badilisha mashine ikiwa imewashwa. Kebo nayo chomeka mashine na laptopu zikiwa zimezimwa, na zitumie erthi moja, nimeona bodi zikiungua kwa hilo.

Fundi wa Kibos:
Asanteni sana. Nimefungua plagi ya kebo yangu, pini 6, 8 na 20 hazijaunganishwa popote. Naanza na kebo na parameta, boksi ya flopi baadaye.

Opereta Webuye:
Sawa. Ukishapata mawasiliano tuma programu fupi, irudishe kwa laptopu ulinganishe mstari kwa mstari, halafu uiendeshe hewani, Z (mhimili wa juu-chini) ikiwa juu ya kazi.