Mercedes 300D ya 1983: giaboksi otomatiki inagonga, na mafuta yanapungua bila kuvuja

Mwana wa Nguba (Bukavu)

Salamu kwenu nyote. Marehemu baba ameniachia Mercedes-Benz 300D ya mwaka 1983, yenye giaboksi otomatiki ya gia nne, ambayo ilikaa chini ya turubai kwa miaka sita kabla sijairudisha barabarani. Injini ni nzima. Shida iko kwenye bwate, kama tunavyoiita hapa: kila inapotoka gia ya pili kwenda ya tatu hugonga kwa kishindo ambacho hata abiria wa nyuma hukisikia mgongoni, na asubuhi nikiweka R (gia ya kurudi nyuma), hupita sekunde tatu au nne kabla gari halijashika. Mafuta mekundu ya giaboksi hupungua karibu nusu lita kila wiki mbili, ilhali nimelaza katoni chini ya gari usiku kucha na sikuona hata tone. Fundi mmoja anataka kufungua giaboksi yote, kwa bei inayokaribia thamani ya gari lenyewe. Niongeze, ingawa huenda halihusiani, kwamba nikizima kwa ufunguo injini huendelea kunguruma kidogo kabla ya kunyamaza. Nianzie wapi?

Dereva wa Kadutu (Bukavu)

Pole, kaka. Ongeza mafuta yanapopungua, lakini usithubutu kuyamwaga yote. Nimeona gari la zamani lililokuwa likitembea vizuri, likabadilishiwa mafuta, na baada ya wiki likakataa kupanda hata kilima kidogo. Uchafu wa miaka ndio unaozishikilia sahani za ndani, zile za klachi zinazoshika gia.

Mzee wa Katuba (Lubumbashi)

Mwanangu, usikubali mtu aifungue giaboksi hiyo kabla hujachomoa bomba moja jembamba la mpira. Lile ulilolitaja mwisho, ukidhani halihusiani, ndilo lililonifanya niandike. Katika dizeli hizi ufunguo hauzimi injini kwa umeme bali kwa ombwe: pampu iliyo mbele ya injini hunyonya hewa, na ombwe hilo hilo huzima injini, husaidia breki, hufunga milango, na huijulisha giaboksi jinsi injini inavyobeba mzigo. Chombo kinachopokea habari hiyo, ubavuni mwa giaboksi, ni modulata, na ndani yake mna kiwambo cha mpira. Ombwe likipotea, giaboksi hudhani umekanyaga pedali hadi sakafuni, nayo hupandisha shinikizo na kubadilisha gia kwa kishindo. Kiwambo kikipasuka, mafuta mekundu nayo hunyonywa kupitia ufa huo, hufuata bomba hilo la mpira hadi kwenye pampu, na huishia ndani ya injini. Ndiyo maana katoni yako ni kavu, na giaboksi iliyopungukiwa mafuta huchelewa kushika asubuhi.

Chomoa basi bomba hilo la mpira kwenye modulata. Ukikuta wekundu ndani yake, ugonjwa umejulikana. Unapoitoa modulata, weka beseni chini na uangalie kijiti kidogo cha chuma kisipotee, maana huhamishiwa kwenye mpya. Kisha badilisha mafuta ya injini pia, kwa kuwa yamekwisha kuchanganyika. Sehemu ya kurekebishia modulata usiiguse bila geji ya shinikizo. Nimewaona wengi wakiizungusha kwa kukisia, kishindo kikaisha leo, na sahani zikaungua baada ya mwezi.

Ndugu wa Kadutu, sahani zilizolika huwa zimekwisha kuanza kuteleza kabla mafuta hayajaguswa, ila mwenye gari humkumbuka tu aliyeyabadilisha. Mimi hubadilisha kila kilomita 40,000, pamoja na filta na gasketi ya karteri (bakuli la mafuta chini ya giaboksi). Kwenye konvata ya gari hili, yaani chombo kinachounganisha injini na giaboksi, kuna kizibo chake, cha ufunguo wa pembe sita wa milimita 5, ambacho huonekana ukiizungusha injini taratibu kwa mkono; asiyekifungua huacha sehemu kubwa ya mafuta ya zamani ndani. Kwa kujaza, tanguliza lita 4, washa injini, kisha ongeza kidogo kidogo. Upimaji hufanywa injini ikinguruma, gia ikiwa P (ya kuegesha), mafuta yakiwa na joto la nyuzi 80 hivi, na gari likiwa mahali tambarare (najua kwamba kwenu Bukavu mahali hapo ni pa kutafuta). Kati ya alama mbili za kijiti cha kupimia mafuta kuna takriban lita 0.3 tu, kwa hiyo anayemimina chupa nzima hupitiliza.

Mama Neema (Goma)

Baba mkwe wangu alikuwa na gari la aina hii, na huku kwetu, ambako barabara nyingi hupita juu ya mawe ya lava, karteri yake iligongwa ikabonyea hadi karibu na filta. Ukiwa chini ya gari, ipapase. Tena, kaka, nunua mafuta yaliyofungwa, yenye maandishi ya Dexron III (aina ya mafuta ya giaboksi otomatiki), kwa sababu yale ya kupimwa kwa kopo sokoni wekundu wake hauthibitishi lolote.

Mwana wa Nguba (Bukavu)

Mzee, mpira ulikuwa umejaa mafuta mekundu! Modulata imefika kupitia rafiki aliyetoka Kigali, nami nimebadilisha mafuta yote kama ulivyoelekeza. Ndani ya karteri kulikuwa na ute wa kijivu bila vipande vya chuma. Sasa gia ya tatu inaingia bila mimi kuisikia, R inashika papo hapo, na mafuta kwenye kijiti cha kupimia hayajashuka kwa wiki tatu. Injini pekee bado inachelewa kuzimika.

Mzee wa Katuba (Lubumbashi)

Ute huo ni wa kawaida. Kuhusu kuzimika, ombwe bado linavuja mahali pengine, na mimi ningeanza na milango. Ziba kwa muda mpira unaokwenda kwenye kufuli za milango, kisha zima injini. Ikinyamaza mara moja, fuata mlango mmoja baada ya mwingine. Kwangu ulikuwa wa nyuma, upande wa kushoto.