Sentipolia yangu inaoza: je, inaweza kuoteshwa kwa jani?

Swali (Kigamboni)
Wakubwa zangu, shikamooni. Mwaka jana nilinunua sentipolia, lile ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya ambalo asili yake ni misitu ya Usambara. Lilichanua vizuri, lakini tangu joto la Januari lianze majani ya katikati yameoza, ingawa ninalimwagilia kila siku kwa maji ya kisima. Kosa liko wapi, na je, majani yaliyobaki yanaweza kutoa miche?

Jibu la kwanza (Mbezi)
Marahaba. Kosa ni hayo maji ya kila siku. Kwao msituni, ua hili hushika kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, penye udongo mchache usiotuamisha maji. Maji yakikaa katikati ya majani wakati wa joto, moyo wake huoza. Aidha, visima vingi vya pwani vina chumvi, hivyo kinga maji ya mvua, uyatie kwenye kisahani chini ya chungu, na baada ya nusu saa umwage yaliyobaki.

Majani yataota. Chagua lililokomaa lakini si kuukuu, ulikate mshazari kwa wembe safi ukibakiza kikonyo cha sentimita 3 hivi, kisha uchomeke kikonyo hicho katika mchanga wa mto uliochanganywa na vumbi la makumbi ya nazi. Lifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, mahali penye mwanga pasipopigwa na jua. Mizizi hutoka baada ya mwezi mmoja hivi, na miche huchomoza chini ya kikonyo mwezi unaofuata au zaidi.

Jibu la pili (Tabata)
Naomba sana mtu asiende kuing'oa msituni. Tangu mtaalamu wa mimea Mjerumani, Hermann Wendland, alipoieleza kisayansi mwaka 1893, kutokana na mimea iliyotoka Tanga, sentipolia imeenea madirishani duniani kote, ilhali huku kwao misitu inakatwa na baadhi ya aina zimebaki sehemu chache mno. Jani moja la jirani hutoa miche kadhaa, kwa hiyo hakuna sababu ya kugusa za porini.

Muuliza swali
Nashukuru. Nimekata majani matatu, ila moja lina ncha iliyokauka.

Jibu la kwanza
Punguza hiyo ncha kwa wembe. Muhimu ni kikonyo kiwe kizima.