Watoto wenye uzito uliozidi: je, mazoezi yanasaidia kufikiri na kujifunza, na yawe kiasi gani?

MwalimuDarasaLaNne

Habari zenu wadau. Naomba ufafanuzi kwa wanaolijua jambo hili kitaalamu.

Darasani wapo watoto wa miaka 8 hadi 11 ambao uzito wao umezidi, na baadhi yao wanakwama kwenye kazi za hatua nyingi. Mtoto anaanza kuandika kabla maelekezo hayajaisha, anaruka hatua ya pili ya hesabu, na akivurugwa kidogo harudi tena kwenye alichokuwa akikifanya. Wazazi wanataka muda wa michezo baada ya masomo ugeuzwe kuwa wa hesabu za ziada. Kabla ya kuwajibu, nataka kujua mazoezi yanabadilisha nini hasa kwa watoto hawa, ni dakika ngapi zinatosha, na kama ni lazima wapungue uzito kwanza ndipo faida ionekane.

---

Bint_Fiziolojia

Mwalimu, huo muda wa michezo usikubali uondolewe.

Jaribio linalojibu swali lako moja kwa moja lilifanyika Georgia, Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2011 na Catherine Davis na wenzake. Watoto 171 wa miaka 7 hadi 11, wote wenye uzito uliozidi na wasio na mazoea ya mazoezi, waligawanywa kwa kura katika makundi matatu: dakika 20 kwa siku, dakika 40 kwa siku, na kundi lisilopewa mazoezi. Walifanya siku 5 kwa wiki, baada ya masomo, kwa takriban wiki 13.

Kilichopanda ni uwezo wa kupanga, yaani kuchagua njia ya kutatua tatizo, kujikagua njiani na kubadili njia isipofaa. Kadiri dakika zilivyoongezeka, ndivyo faida ilivyoongezeka. Alama za hesabu zilifuata mkondo huohuo, ingawa programu ile haikuwa na kipindi chochote cha hesabu. Alama za kusoma hazikubadilika, na hilo waambie wazazi waziwazi ili wasitegemee kisichokuwepo. Tofauti yenyewe ilikuwa ya pointi chache kwenye kipimo chenye wastani wa 100. Kwa mtoto anayeruka hatua ya pili, pointi hizo zina maana.

Watoto wachache kati yao walipigwa picha za ubongo wakiwa wanafanya kazi ngumu ya kujizuia: mwanga ukitokea upande mmoja, unatakiwa uangalie upande wa pili. Kwa waliofanya mazoezi, sehemu ya mbele ya ubongo ilifanya kazi zaidi, na ile ya nyuma juu ilifanya kazi pungufu. Sehemu hiyo ya mbele ndiyo inayomwezesha mtoto kushika jibu la hatua ya kwanza akilini huku akilizuia jibu la haraka linalomjia. Naona ndiyo sababu hesabu ziliguswa na kusoma hakukuguswa.

Kuhusu uzito: usiufanye kuwa sharti. Hata mazoezi ya mara moja yana faida yake ya muda mfupi. Mwaka 2009 Charles Hillman na wenzake huko Illinois waliwatembeza watoto wa karibu miaka 9 kwenye mashine kwa dakika 20, kwa kasi ya wastani, na baada ya hapo walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya umakini na ya kuelewa walichosoma kuliko siku waliyokaa tu. Katika dakika 20 hakuna aliyepungua kilo.

---

KochaWaChipukizi

Naongeza upande wa uwanjani, maana hapo ndipo programu nyingi zinapoharibika. Dakika 40 zinahesabiwa tangu filimbi ya kwanza, kumbe mtoto amesimama kwenye foleni akisubiri zamu. Muda huo hauhesabiki.

Georgia walivaa vipima mapigo ya moyo, lengo likiwa wastani wa zaidi ya mapigo 150 kwa dakika, na kila mtoto alipata pointi kwa wastani wake. Zingatia hapo: pointi zilikuwa za jitihada, kasi haikuwa na alama. Mtoto mzito anayetembea haraka anaweza kuwa na moyo unaofanya kazi kuliko mwembamba anayekimbia polepole. Ukiwapanga kwa kasi, utamwadhibu anayefanya kazi kubwa zaidi.

Kama huna kifaa, mtoto aweke vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, ahesabu mapigo kwa sekunde 10, mzidishe kwa 6. Mapigo 25 ndiyo 150. Ahesabu papo hapo anaposimama, kwa kuwa moyo wa mtoto hushuka haraka na ukichelewa utapata namba ya uongo. Wale wadogo wasioweza kuhesabu, wasikilize: aweze kusema sentensi fupi, asiweze kuimba.

Kipindi kiende hivi. Dakika 5 za kupasha mwili, kisha mchezo dakika 20, mapumziko ya maji, mchezo tena dakika 20, halafu dakika 5 za kutembea polepole na kunyoosha viungo. Badilisha mchezo kila baada ya dakika 5 hadi 7 kabla hawajachoka nao. Kwenye kukimbizana, aliyeguswa asitoke nje. Aruke mara 5 arudi mchezoni, la sivyo mtoto anayehitaji kukimbia zaidi ndiye atakayekaa zaidi. Mpira wa miguu uwe wanne kwa wanne kwenye eneo dogo. Kamba waruke sekunde 30, wapumzike sekunde 30. Msimamizi mmoja asizidishe watoto 9 au 10.

Kwa wasiozoea, wiki ya kwanza na ya pili wape vipande vinne vya dakika 5 vyenye mapumziko katikati. Baada ya hapo ongeza dakika 5 kila wiki hadi ufike 40. Ukianza na 40 siku ya kwanza, miguu itauma na kesho yake hawaji.

Na tafadhali, kukimbia kusitumike kama adhabu, wala mtoto asipimwe uzito mbele ya wenzake.

---

MwalimuDarasaLaNne

Asanteni sana, nimeelewa. Yamebaki mawili. Je, nikipata dakika 20 tu kwa siku, kuna maana? Na nifanye nini na watoto wanaolalamika magoti?

---

DrWaWatoto

Mwalimu, dakika 20 zina maana, hasa zikiwa za kila siku. Kundi la dakika 20 lilikuwa katikati ya yale mawili. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa umri wa miaka 5 hadi 17, kwa hiyo zinazobaki zitoke nyumbani na kwenye mapumziko.

Magoti nayapa uzito wa pekee. Maumivu ya misuli ya pande zote mbili siku ya pili baada ya mazoezi mapya ni ya kawaida. Lakini mtoto mwenye uzito mkubwa anayechechemea, au anayesema paja, kinena au goti la upande mmoja linauma, asikimbie tena na asilazimishwe kuukanyagia mguu huo. Kuna tatizo ambapo kichwa cha mfupa wa paja huteleza kutoka mahali pake kwenye sehemu inayokua, na uzito mkubwa huongeza hatari yake. Linalowapotosha watu ni kwamba nyonga ndiyo iliyoharibika ilhali maumivu yanasikika gotini. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na mzazi aombe nyonga ipigwe eksirei, hata kama mtoto anaonyesha goti.

Anayekohoa au kubanwa kifua wakati wa kukimbia au muda mfupi baada yake achunguzwe pumu. Akipata dawa sahihi, anaendelea kucheza na wenzake.

Tena ile tabia uliyoieleza mwanzo ina chanzo kingine ambacho hakuna aliyekitaja: usingizi. Waulize wazazi kama mtoto anakoroma karibu kila usiku, kama pumzi hukatika kisha akashtuka, kama anaamka amechoka. Kukatika kwa pumzi usingizini huwapata zaidi watoto wenye uzito uliozidi, na kunaharibu umakini wa mchana. Mtoto huyo anahitaji kuonwa na daktari. Mazoezi peke yake hayatamtosha. Umri wa miaka 6 hadi 12 unahitaji saa 9 hadi 12 za kulala.

---

Bint_Fiziolojia

Daktari amesema kweli kuhusu usingizi. Nami naongeza tahadhari moja kwenye jaribio la Georgia. Kundi la kulinganisha halikupewa shughuli yoyote, kwa hiyo huenda sehemu ya faida ilitokana na kuwa na walezi wazuri na kufuata kanuni za michezo. Huko Granada, Hispania, utafiti wa ActiveBrains uliochapishwa 2022 uliwafuatilia watoto 109 wenye uzito uliozidi au unene kwa wiki 20, angalau vipindi 3 vya dakika 90 kila wiki. Vipimo vya akili vilipanda, wepesi wa kubadili fikra uliongezeka kidogo, na alama za shule zilipanda kidogo pia, ila picha za ubongo hazikuonyesha mabadiliko ya maana.

Kwa hiyo, mwalimu, usiwaahidi wazazi ripoti mpya ya mwisho wa muhula. Andaa ukurasa mmoja wa hesabu za hatua mbili au tatu, uwape kabla ya kuanza na tena baada ya wiki 12, namba ukizibadilisha bila kuongeza ugumu. Saa iwe ileile, na wasiufanye mara tu baada ya kutoka uwanjani, maana utakuwa unapima ule uchangamfu wa muda mfupi. Mbali na majibu sahihi, hesabu hatua zilizorukwa.