Mkataba uliisha Julai, kodi ameipokea hadi Januari, na sasa anataka nihame ndani ya siku 30

Mpangaji wa Tabata anauliza:

Ndugu zangu, nawasalimu. Naomba mawazo yenu, hasa ya wanaoifahamu sheria na ya wenye nyumba wenyewe, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa mtaani ananipa jibu tofauti na la mwenzake.

Nimepanga upande mmoja wa nyumba huku Tabata, Dar es Salaam, vyumba viwili na sebule, kwa Sh 250,000 kwa mwezi. Mkataba tuliouandika mbele ya mjumbe ulianza tarehe 1 Februari na ukaisha tarehe 31 Julai. Nililipa miezi sita kwa mkupuo, yaani Sh 1,500,000, mbali na kodi ya mwezi mmoja niliyompa dalali, ambayo hiyo nimekwisha kuisamehe. Tarehe 2 Agosti nilimtumia mzee mwenye nyumba kodi ya miezi sita mingine kwa simu, naye akanijibu kwa maandishi: "Nimepata, kodi ya Agosti hadi Januari, asante." Hatukuandika mkataba mpya. Nilimkumbusha mara mbili, akasema tutaandikiana atakaporudi kutoka Tanga.

Tarehe 10 Novemba amenitumia ujumbe wa sauti akieleza kwamba mwanawe anaoa mwezi ujao na atahitaji upande ninaokaa, hivyo nihame ndani ya siku 30. Kuhusu kodi niliyokwisha kuilipa hakusema neno. Nilipompigia simu alidai kwamba mkataba uliisha Julai na kwamba tangu hapo ninakaa kwa hisani yake tu. Kisha akaongeza kwamba hata hivyo mkataba ule una kifungu cha notisi ya mwezi mmoja.

Kuna mambo mengine mawili. Mwezi Aprili, wakati wa masika, paa lilivuja, na kwa ruhusa yake niliyopewa kwa simu nilinunua bati na kumlipa fundi, jumla Sh 180,000, kwa makubaliano kwamba zitakatwa kwenye kodi. Hazijakatwa hadi leo. Pili, mita ninayoitumia ni ya upande wangu peke yangu, na kila mwezi ninaponunua LUKU inakatwa Sh 1,500 ya kodi ya jengo. Je, fedha hizi naweza kuzidai? Na je, kweli anaweza kuniondoa?

Wakili wa Kata anajibu:

Dada, nianze na jambo lililo wazi kuliko yote. Mwenye nyumba wako hawezi kuushika mkataba kwa mkono mmoja na kuukana kwa mkono mwingine. Ikiwa uliisha Julai na hauna nguvu tena, basi na kifungu chake cha notisi kimekwenda nao. Ikiwa kifungu hicho bado kinaishi, basi wewe si mtu wa kukaa kwa hisani, bali ni mpangaji mwenye haki zote zilizomo katika karatasi ile. Mwulize amechagua lipi.

Kwa maoni yangu, ule ujumbe wa tarehe 2 Agosti ndio silaha yako kubwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inautambua upangaji wa muda mfupi, usiozidi mwaka mmoja, hata kama umefanywa kwa mdomo. Mtu anayepokea kodi na kuitaja miezi yake kwa maandishi, "Agosti hadi Januari", amekubali muda maalumu, na muda huo unaisha tarehe 31 Januari. Nasisitiza maandishi yale kwa sababu kupokea fedha kimya kimya baada ya mkataba kuisha si sawa na kukubali upangaji mpya, na wapangaji wengi hujikwaa hapo. Kwako wewe ipo kauli, ina tarehe na ina miezi. Usiifute, na usibadilishe simu kabla hujaihifadhi mahali pengine.

Kuhusu notisi, sheria hiyo inasema kwamba pale muda wa upangaji haukutajwa na hakuna makubaliano ya notisi, kipindi cha upangaji hufuata namna kodi inavyolipwa, na notisi isipungue kipindi hicho. Anayelipa kila mwezi hupewa mwezi. Anayelipa kila baada ya miezi sita ana hoja ya kudai zaidi ya siku 30. Wenye nyumba wanaodai kodi ya miezi sita kwa mkupuo huusahau upande huo wa shilingi. Mimi nisingeanzia hapo, kwa kuwa wewe una muda uliotajwa, lakini ni vema mzee ajue kwamba hoja hiyo ipo.

Tuseme basi kwamba kifungu cha notisi ya mwezi mmoja kinatumika. Hata hivyo, notisi ya mwezi mmoja haimpi ruhusa ya kubaki na kodi ya siku ambazo hutakaa. Ukiondoka tarehe 10 Desemba, atakuwa anashikilia fedha ya wiki tatu za Desemba na ya Januari nzima. Tena angalia kama kifungu kinataka notisi ya maandishi, kwa kuwa ujumbe wa sauti si maandishi.

Suala la paa ni jepesi zaidi. Pale sehemu tu ya jengo inapopangishwa, sheria inamtwika mwenye nyumba wajibu wa kutunza paa, kuta kuu na mifereji mikuu, isipokuwa kama mmeandika vinginevyo. Tafuta risiti ya bati na ujumbe wowote mliotumiana na fundi. Kodi ya jengo nayo ni deni la mwenye jengo. Kukusanywa kupitia LUKU tangu Agosti 2021 kulibadili njia ya kuilipa, hakukumbadilisha mdaiwa. Februari hadi Novemba ni miezi kumi, yaani Sh 15,000. Ni fedha ndogo, lakini iweke kwenye hesabu.

Baba Mwenye Nyumba wa Mbagala anajibu:

Wakili amesema vizuri, lakini naomba na sisi tusikilizwe, maana katika mazungumzo ya namna hii mwenye nyumba huwa ni mkosaji kabla hajafungua kinywa. Mimi nina nyumba yenye wapangaji wanne. Nimewahi kuwa na mpangaji aliyekaa miezi saba bila kulipa, na kila nilipomkumbusha alinijibu kwamba anaijua sheria. Tangu Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ilipofutwa mwaka 2005, wapangaji hulalamika kwamba tunapanga bei tunavyotaka, na ni kweli, lakini hakuna pia anayetulipia ada za watoto pale mpangaji anapohama usiku.

Baada ya kusema hayo, binti yangu, mzee wako amekosea. Ukishapokea kodi ya mtu hadi Januari, nyumba si yako hadi Januari, hata kama mwanao anaoa kesho. Mimi ningemwita mpangaji, ningemweleza shida yangu, ningemrudishia kodi iliyobaki pamoja na gharama ya gari la kuhamishia vyombo, naye angehama kwa hiari. Huenda mzee ameona haya kuanza kuzungumzia fedha kwa sababu amekwisha kuzitumia. Tunazipokea kwa mkupuo na zinaondoka kwa mkupuo, mara nyingi kwenye saruji na nondo.

Jambo moja tu napingana na wakili. Usimtolee mzee hoja ya notisi ya miezi sita. Atakuona mgomvi, na maji yataanza kukatika bila sababu.

Mpangaji wa Tabata anajibu:

Nawashukuru wote. Nimeusoma tena mkataba: kifungu kinasema "notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi", na hakisemi lolote kuhusu kurudisha kodi. Sina nia ya kugombana na mzee, na kusema kweli kama atanirudishia fedha zangu nitahama hata kabla ya harusi. Ninachoogopa ni kurudi kazini siku moja nikute kufuli jipya mlangoni. Shangazi yangu aliwahi kung'olewa mlango na kuezuliwa bati akiwa ndani.

Wakili wa Kata anajibu:

Kubadilisha kufuli, kung'oa mlango au kukata umeme ili mtu ahame si njia halali, hata pale mpangaji anapodaiwa. Anayetaka kumwondoa mpangaji asiyekubali kutoka lazima apate amri ya chombo chenye mamlaka. Mgogoro wa aina hii huanzia Baraza la Kata kwa usuluhishi. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu katika masuala ya ardhi, na lisipowapatanisha ndani ya siku 30, mwenye shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Namheshimu Baba wa Mbagala, na katika hili nakubaliana naye: weka hoja ya miezi sita mfukoni. Andika barua ya ukurasa mmoja yenye lugha ya adabu. Mpongeze kwa harusi ya mwanawe, mkumbushe ujumbe wa tarehe 2 Agosti, na mweleze kwamba uko tayari kuondoka mapema kabla ya tarehe 31 Januari iwapo atakurudishia kodi ya siku zitakazobaki, Sh 180,000 za paa na fedha za kodi ya jengo. Taja tarehe ya kukabidhi fedha na tarehe ya kukabidhi ufunguo, na ziwe siku moja. Mpelekee ukiwa na mjumbe yule yule aliyeshuhudia mkataba, asaini nakala yako kwamba ameipokea.

Mpangaji wa Kimara anajibu:

Naongeza kidogo tu kutokana na yaliyonipata. Mimi nilikabidhi ufunguo asubuhi kwa ahadi kwamba fedha zitaingia jioni. Jioni hiyo ina miaka miwili sasa. Siku ya kuondoka, piga picha za kila chumba na namba ya mita, kisha mwombe mjumbe awepo wakati wa kuhesabiana fedha. Na kule unakohamia, dada, mkataba uandikwe kabla ya kodi kulipwa, na mhakikishe umelipiwa ushuru wa stempu, ambao kwa kawaida ni asilimia 1 ya kodi ya mwaka. Mkataba wangu haukuwa umelipiwa, na nilipoupeleka barazani ulikataliwa kupokewa hadi nilipolipa ushuru pamoja na adhabu yake.