Mafundi wa tovuti Arusha, nani aliwafundisha kuapdeti themu ya mteja ikiwa hewani, katikati ya msimu, bila bakapu?

Wakuu, salamu baadaye. Nina hasira na sitaki kujifanya sina.

Nasimamia ofisi ya kampuni ndogo ya utalii hapa Arusha. Wageni wetu karibu wote wanatupata kwenye tovuti. Mtu yuko Marekani au Ujerumani, anasoma tofauti ya Machame na Lemosho, njia za kupanda Kilimanjaro, anajaza fomu, tunamjibu. Hatuna duka pale Mnara wa Saa la kumvuta mpita njia. Tovuti ikilala, ofisi imelala.

Sasa huyu fundi wetu, tunayemlipa kila mwezi kwa kitu anachokiita "matengenezo", akaamua kuapdeti themu, yaani vazi la tovuti linalopanga muonekano wake, Ijumaa saa moja jioni. Mwezi wa saba, jamani! Mlima umejaa na wanaopanga kuja mwakani nao wanaulizia. Saa moja jioni yetu, New York ni saa sita mchana, watu wako kwenye kompyuta zao. Nilimwambia asubiri. Jibu lake nimelihifadhi WhatsApp: "Dada tulia, hicho ni kitufe tu, dakika tano nimemaliza." Akabonyeza, akafunga laptopu, akaenda zake harusini Himo.

Kilichobaki ni hiki. Jedwali la bei za Machame siku saba likageuka mlolongo wa namba usio na mistari, dola zimekaa upande huu na idadi ya wageni upande ule. Chini ya ukurasa, palipokuwa na namba ya leseni yetu ya utalii (TALA), pakatokea jina la kampuni iliyotengeneza themu. Nembo haipo. Na pale kwenye fomu ya kuulizia safari, mgeni anakuta maandishi haya peke yake: [fomu_safari]. Na mabano yake. Mtu wa Berlin afanye nini na hiyo? Huku matangazo yetu ya Google yanaendelea kukata hela kwa kila anayebofya kuja kuyatazama hayo mabano.

Kuna wenzangu wengi wenye ofisi hawajui kwa nini inatokea hivi, na mafundi wanapenda tusijue. Kwenye WordPress, mfumo uliojenga tovuti yetu, maneno ya kurasa, bei na habari vinakaa kwenye kanzidata (database). Picha ziko kwenye folda ya uploads. Themu ina folda yake ndani ya wp-content/themes. Ukiapdeti, mfumo hauchanganyi la zamani na jipya: unaondoa folda ya zamani yote na kuweka mpya. Kwa hiyo fundi akiwa ameandika kodi zake (maagizo ya kompyuta, si kodi ya TRA) ndani ya mafaili ya themu yenyewe, zinaondoka na folda. Wetu alikuwa amebandika nembo moja kwa moja kwenye header.php (faili la kichwa cha kurasa), leseni kwenye footer.php (la chini ya ukurasa), na kodi inayogeuza [fomu_safari] kuwa fomu kwenye functions.php. Ni kushona kiraka kwenye suti ya kuazima. Mwenyewe akija kuichukua, anaondoka na kiraka chako.

Na dawa yake si siri wala haihitaji shahada. Inaitwa themu mtoto. Unafungua folda ya pili, unaweka faili la style.css lenye mstari wa Template unaotaja jina la folda ya themu mama, ile ya asili, halafu mabadiliko yako yote yanakaa humo. Mama anaapdetiwa apendavyo, mtoto haguswi. Hata hapo header.php uliyoinakili kwa mtoto inaweza kuchakaa mama akibadilika, kwa hiyo bado unahitaji macho. Lakini hutaamka ukute mabano. Na kama ni kubadili rangi na ukubwa wa maandishi tu, tangu toleo la 4.7 la 2016 kuna sehemu ya CSS (maagizo ya mapambo) ya ziada inayohifadhiwa kwenye kanzidata. Huna sababu ya kugusa mafaili ya mtu.

Jumamosi akapatikana, yuko ukumbini, muziki unapiga. Akasema ana functions.php ya zamani kwenye simu, anaibandika sasa hivi. Akaibandika juu ya themu mpya. Kodi ya zamani ikaita vitu ambavyo themu mpya haina, tovuti nzima ikazima, ikabaki sentensi moja ya hitilafu kwenye ukurasa mweupe. WordPress tangu 5.2 ya mwaka 2019 inamtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia hata tovuti ikizimika namna hiyo. Ilitumwa, ndiyo. Ilienda kwenye anwani yake yeye, kwa sababu siku anaijenga alijiandika yeye kuwa msimamizi. Na yeye alikuwa anacheza muziki. (Harusi ilipendeza, picha alipost.)

Bakapu, nakala ya akiba? "Ipo dada, inajiendesha yenyewe kila wiki." Tukaifungua. Ni ya kanzidata peke yake, tena imekaa kwenye seva ileile inayobeba tovuti! Kanzidata haina header.php ndani yake. Aliyetuokoa ni kijana wa huduma kwa wateja wa hosti, kampuni inayotunza tovuti yetu, ambaye hatujawahi kuonana: wao wana nakala zao, akarudisha folda ya themu tu na kuacha kanzidata kama ilivyo, ili maombi yaliyoingia katikati yasifutike. Huyo anajua kazi. Wetu alitaka kurudisha kila kitu.

Najua mtakuja kusema "ndiyo maana mimi siapdeti kamwe". Tafadhali msinipotoshee watu. Desemba 2014 plagini (programu ya nyongeza) moja ya picha zinazoteleza, Slider Revolution, ilikuwa na tundu, na wadukuzi wakalitumia mpaka Google ikafungia domeni zaidi ya 11,000. Wengi wa wenye tovuti hizo hawakujua hata kama wanayo, kwa sababu ilikuja imefungashwa ndani ya themu waliyonunua, na themu haikuapdetiwa. Kutoapdeti ni kuacha mlango wazi. Ninacholalamikia ni namna.

Wengine mtaniambia siku hizi WordPress inajirudisha yenyewe. Inajirudisha, tangu 6.3 ya 2023, kama apdeti imekwama njiani. Yetu haikukwama. Ilifanikiwa vizuri kabisa, ikafuta kila kitu.

Kuna mwenzangu wa Moshi, ana nyumba ya wageni, yeye fundi wake alijitahidi: akatengeneza tovuti ya majaribio, akaapdeti huko, akakagua, akaihamishia hewani. Safi. Ila kwenye majaribio alikuwa ameweka tiki ya kuzuia injini za utafutaji, na akahama nayo. Nyumba ya wageni ikayeyuka taratibu Google mpaka mwenyewe akajitafuta kwa jina akajikosa. Tiki moja! Kwa hiyo hata mnaojua, mkaguane.

Leseni sitaki hata kuigusa, maana niligundua themu yetu ameinunua mara moja na kuiweka kwa wateja wake wote, wakati leseni ya kawaida kule ThemeForest, soko la themu mtandaoni, ni ya tovuti moja. Hilo tutamalizana ana kwa ana.

Natafuta fundi mpya, Arusha au Moshi, na masharti nayaweka hapa mapema. Usimamizi wa hosti, domeni na WordPress unasajiliwa kwa barua pepe ya ofisi. Mabadiliko yote kwenye themu mtoto. Apdeti inafanyika kwanza kwenye majaribio, halafu hewani Jumanne au Jumatano asubuhi ukiwa umekaa, sio Ijumaa. Bakapu ni mafaili pamoja na kanzidata, nje ya seva, na malipo ya kwanza yanatoka baada ya kunionyesha ukiirudisha ikasimama. Baada ya kila apdeti unajaza fomu yetu mwenyewe kwa simu na kwa kompyuta, na mimi naona barua imefika.

Anayekubali aje inbox na mfano wa kazi yake. Jina la huyu jamaa msiniulize, sitamtaja.