Sare za sendofu: damu ya mzee na dhahabu, kijani na waridi, au bluu tupu?

Binti_Mbezi: Habari zenu wadau. Dada yetu anaagwa mwezi wa tisa, na upande wetu tunaoshona ni kama arobaini. Kamati imegawanyika. Mashangazi wanataka damu ya mzee na dhahabu. Sisi mabinti tunataka kijani ya jani la mgomba na waridi iliyopauka. Mama anasema bluu tupu, mwingine iliyokolea mwingine iliyofifia, yaishe. Kitambaa ni satini na lesi. Mnashauri ipi?

Fundi_Bitana: Kabla ya rangi, jora. Watu arobaini mkinunua kumi leo na kumi wiki ijayo, mtauziwa "ileile" ambayo siyo ileile. Kiwandani kila mkupuo wa rangi hutoka na utofauti wake. Damu ya mzee ndiyo inaumbua zaidi: moja inavuta zambarau, nyingine inavuta ugoro, mkikaa meza moja inaonekana mmekosea. Wazo la mama lina akili, maana bluu zikitofautiana kwa makusudi hakuna atakayehoji. Na dhahabu isiwe nusu kwa nusu. Iwe kilemba, mkanda au pindo tu. Ikizidi hapo, gauni linakuwa pazia la ukumbi.

Mtoto_wa_Msimbazi: Kijani sawa, ila mkikosa waridi msije mkaweka njano. Tutajua mmetoka kwenye kampeni, au Yanga imechukua kombe. Mimi sahani sipokei.

Binti_Mbezi: 😂 Mjomba kasema hivyohivyo.

Picha_Usiku: Mimi ndiye nabaki na picha zenu baada ya sherehe, nisikilizeni. Waridi ni nyekundu iliyotiwa maziwa, na nyekundu hutazamana na kijani kwenye duara la rangi. Rangi zinazotazamana hupandishana. Mfaransa mmoja, Chevreul, alikuwa msimamizi wa kutia nyuzi rangi kwenye kiwanda cha Gobelins kule Paris. Akaletewa malalamiko kwamba nyuzi nyeusi zimepauka. Kuchunguza, nyeusi haina kosa, wachawi ni majirani zake! Kitabu chake kikatoka 1839. Ndiyo maana kijani kali ikikaa na nyekundu kali macho yanawasha. Moja ikipauka, zinapatana.

Shida ni satini. Inarudisha mwanga chini ya kidevu, na kijani ikifika usoni, hasa kwa maji ya kunde, mtu anaonekana katoka kuugua. Kwa hiyo waridi juu, kijani sketi.

Bi_Kisutu: Mnakwenda mbali wanangu. Huku Unguja harusi ina kanga ya kisutu: nyekundu, nyeusi, nyeupe. Nyeupe haionekani kama ina kazi, lakini itoe uone, nyekundu na nyeusi zinamezana.

Picha_Usiku: Bibi kasema kweli. Binti, chukua vipande vyako, vipige picha na simu, kisha uigeuze nyeusi na nyeupe. Vikitoka kijivu kimoja, jua ukumbini vitamezana pia.

Fundi_Bitana: Na usiamulie ndani ya duka. Taa za Kariakoo zinadanganya. Toka nacho mlangoni ukione juani, halafu kipeleke ukumbini jioni, taa zenyewe zikiwa zimewashwa.

Binti_Mbezi: Mrejesho. Tumekwenda saa moja usiku na vipande vyote. Bluu iliyokolea imekuwa nyeusi kabisa, Mama akaangalia, akasema "hii ni matanga," akakaa. Damu ya mzee na kijani kwenye simu zilitoka kijivu kimoja, kwa hiyo hata lile wazo la kuzichanganya ili kuwaridhisha mashangazi limekufa. Tunakwenda na waridi juu, kijani chini. Mashangazi wamepewa vilemba vya dhahabu, wamenuna kidogo tu. Fundi, unapokea kazi ya watu arobaini?

Fundi_Bitana: Umeshapata jora?