Shajala au steshenari? Naombeni ushauri wa kibao cha duka

Asalam aleikum ndugu zangu, naombeni msaada. Nafungua kiduka hapa Kisauni karibu na shule, nauza madaftari, kalamu, rula, gundi na manila, sasa fundi wa kuchora kibao angoja maneno na mie nimekwama. Wengi huandika steshenari, nimefuatilia nikaona asili yake ni Kilatini, stationarius, yaani muuza vitabu mwenye duka la kudumu mahali pamoja, si mchuuzi wa kutembeza, na kule London chama chao kilipewa hati ya kifalme mwaka 1557. Sawa, lakini mie natamani sana neno la Kiswahili. Kalamu, karatasi na daftari zote zilitujia kwa Kiarabu na leo ni zetu kabisa!

Kamusi inasema shajala. Nimeuliza walimu, wanalijua, ila wazazi wengi wanalichanganya na shajara, ile ya kuandika mambo ya kila siku.

Je, nikiandika SHAJALA kubwa, chini yake "vifaa vya kuandikia", wateja wataelewa? Na hilo neno shajala lenyewe limetoka wapi jamani?